Vigezo vya Boston Vikifika Geita

Mishipa midogo inayolisha gamba la ubongo huweza kujaa protini iitwayo amiloidi beta, ileile inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer. Wazee wengi huishi nayo bila kujua, wengine mshipa hupasuka. Kwa wachache sana, kinga ya mwili huishambulia protini hiyo mlemle ukutani mwa mshipa, na ubongo huvimba. Ndani ya wiki au miezi michache, mtu aliyekuwa akikumbuka kila ng'ombe wake anasahau majina ya wanawe, anabadilika tabia, anaumwa kichwa, anaanza kuanguka kifafa uzeeni. Usahaulifu wa kawaida wa uzee hutambaa kwa miaka. Huu huja kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo ya kumshtua daktari.

Zamani uhakika ulipatikana kwa biopsi, yaani kutoboa fuvu na kukata kipande cha ubongo. Mwaka 2004 Eng na wenzake, Boston, walipitia wagonjwa 42 ambao amiloidi ya mishipa yao ilithibitishwa maabara. 7 walikuwa na uvimbe huu, na wengi waliopewa dawa za kutuliza kinga walipata nafuu. Kumbe unatibika. Lakini nani atamtoboa fuvu mzee ambaye mishipa yake tayari ni dhaifu?

Jibu lilitoka mwaka 2016, Auriel na wenzake, nao wa Boston, walipolinganisha picha za MRI za wagonjwa 17 waliothibitishwa maabara na za watu 37 wenye amiloidi isiyo na uvimbe. Vigezo vyao: umri wa miaka 40 au zaidi; dalili za aina niliyotaja; vidoa vya damu ya zamani kwenye gamba; na weupe wa kwenye picha unaofika hadi chini ya gamba, mkubwa upande mmoja kuliko mwingine. Hapo kwenye kutolingana ndipo penye akili. Shinikizo la damu la miaka mingi nalo huacha weupe, ila pande zote mbili kwa kukaribiana. Vigezo hivyo viliwanasa wagonjwa 82 katika kila 100, na viliwaacha nje 97 katika kila 100 wasio na uvimbe.

Hiyo 97 isomwe kwa uangalifu. Waliolinganishwa ni wenye amiloidi tupu. Hawakuwa watu wenye kifua kikuu cha ubongo, fangasi wa ubongo wanaowapata wenye VVU, kaswende iliyopanda kichwani, wala tegu wa nguruwe. Kigezo kimoja zaidi, cha mwisho, kinasema tu kwamba maambukizi, saratani na sababu nyingine ziondolewe kwanza. Kwa Boston hiyo ni sentensi moja. Kwa daktari anayempokea mzee kutoka machimbo ya dhahabu ya Kahama au Katoro, sentensi hiyo ndiyo kazi yenyewe, hasa kama mzee huyo alikula vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, kwa miaka. Vumbi la mawe hukifungulia kifua kikuu mlango wa mapafu.

Halafu kuna zebaki, ambayo wachimbaji huitumia kukamatia dhahabu. Mwaka 2003, chini ya mradi wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, watafiti walipima watu Rwamagasa, wilayani Geita: mkojo, damu na nywele kwa upande mmoja, kutetemeka mikono, kuyumba na kumbukumbu kwa upande mwingine. Hawakumhukumu mtu kwa mkojo pekee wala kwa kutetemeka pekee, vilijumlishwa. Mantiki ni ya Boston kabisa, miaka 13 kabla. Zebaki inaweza kuharibu kumbukumbu na tabia ya anayeichoma kupata dhahabu, lakini haitapaka weupe wa upande mmoja. Kwa hiyo swali la kazi aliyofanya mzee machimboni liulizwe mapema, halina gharama.

Mkoani, kipimo cha kwanza aghalabu ni CT, na hapo ndipo watu hupotea. CT huonyesha kivuli cha uvimbe, kikaitwa kiharusi, mgonjwa akaandikiwa aspirini, dawa ambayo mishipa inayovuja haiitaki. Vidoa vya damu ya zamani CT haivioni kabisa. Hata MRI itavikosa iwapo anayetuma mgonjwa hospitali ya Bugando hakuomba mpangilio maalumu unaoonyesha damu, na mashine ya sumaku dhaifu huona vichache zaidi.

Kisha yapimwe maji ya uti wa mgongo, shinikizo la ndani ya kichwa likiruhusu, pamoja na VVU na kaswende. Binafsi sikubaliani na wanaotaka kuanza steroidi, zile dawa za kutuliza kinga, haraka ili "waone kama itasaidia". Tiba ya kawaida ni methilprednisoloni gramu 1 kwa siku, siku 5, kisha vidonge vinavyopunguzwa taratibu. Kiasi hicho huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na minyoo ya strongiloidi ikiwemo tumboni huweza kusambaa mwilini na kuua. Nafuu yenyewe nayo si ushahidi: limfoma ya ubongo pia hunywea kwa steroidi, mgonjwa akarudi nyumbani anaongea vizuri, na biopsi itakayofanywa baadaye isikute kitu.