Kumjua Fundi wa Gari la Kisasa Huku Madibira

Ukitoka Madibira kupanda Mafinga, gari lako litapungukiwa nguvu hata kama ni zima kabisa. Bonde la Usangu, iliko Madibira, liko karibu mita 1,050 juu ya usawa wa bahari. Mafinga inakaribia mita 1,900. Hewa ya huko juu ni haba, na injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko. Noah iliyosheheni magunia ya mchele lazima ijivute kwenye vilima vya Mufindi. Ukilalamika, fundi mmoja atakuambia papo hapo kwamba thrott bodi imekufa. Mwingine atakuuliza: "Linajivuta mlimani tu, au hata kwenye tambarare ya Rujewa? Likiwa la baridi, au likishapata moto? Mara ya mwisho uliweka mafuta ya pampu au ya kwenye madumu?" Gari mpe huyo anayeuliza.

Magari mengi ya Japani yanayoingia nchini siku hizi hayana kebo ya mafuta. Ukikanyaga pedeli, sensa mbili zilizomo humo hupeleka volti kwenye kontrol boksi. Kontrol boksi huamrisha mota ifungue kipepeo cha thrott bodi, kisha sensa nyingine mbili huripoti kipepeo kimefunguka kiasi gani. Zimewekwa mbili mbili ili zichungane. Za kipepeo zikipishana taarifa, kontrol boksi hukata umeme wa mota, springi hukiacha kipepeo wazi kidogo tu, na gari linatambaa hata ukanyage hadi chini. Watengenezaji wamelipanga hivyo makusudi, kwa usalama wako. Kwa hiyo gari lisilopokea mafuta linaweza kuwa limeona hatari na kujizuia lenyewe, na kazi ya fundi ni kujua limeona nini.

Kuchomeka mashine ya kusoma kodi za hitilafu chini ya dashibodi kila mtu anaweza. Tazama kinachofuata. Akifuta kodi kabla hajaziandika, mshukuru uondoke, kwa maana amefuta na rekodi ya hali ya gari wakati tatizo lilipotokea: mwendo, joto la injini, mzunguko, mzigo. Rekodi hiyo ndiyo ushahidi wako. Akishaziandika, sikiliza anavyozieleza. P2138 inasema sensa mbili za pedeli hazipatani. P2135 inasema hivyohivyo kuhusu sensa za kipepeo. Hakuna kati ya hizo inayosema "nunua pedeli" au "nunua thrott bodi". Mnunuzi wa mchele haamini punje za mdomoni mwa gunia. Huchoma bambo aone za katikati, na fundi aliyeiva huifanyia kodi vivyo hivyo. Atachukua mita, atachunguza plagi ya waya kama ina kutu au maji, atakanyaga pedeli taratibu na kuangalia volti zikipanda. Kwenye Toyota nyingi, pedeli ikiwa imetulia, sensa moja huonyesha karibu volti 0.8 na nyingine karibu 1.6, kisha hupanda pamoja bila kuruka. Halafu atautikisa mkungu wa waya huku macho yake yakiwa kwenye mita. Wakati wa mavuno, panya wanaofuata mpunga stoo hupanda hadi kwenye injini iliyoegeshwa jirani, na waya mmoja uliotafunwa unaweza kuigiza sensa mbovu kwa miezi.

Kipo kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji spana na kinamfaa mtu wa nyanda hizi. Gari likiwa na sensa ya presha ya hewa kwenye manifoldi, washa swichi bila kuwasha injini. Sensa nzima itasoma presha ya mahali ulipo: Madibira karibu kilopaskali 89, Mafinga kama 80 hivi. Ikisoma 100 ukiwa Madibira, ni kana kwamba gari linadhani liko Dar es Salaam, na litamimina mafuta ya Dar es Salaam. Muulize fundi wako namba hiyo hapa inapaswa kuwa ngapi. Asipoijua kwa kichwa si kosa kubwa. Asipoelewa kwa nini unauliza, hapo pana tatizo.

Namba zenye maneno mengi zaidi, hata hivyo, ni asilimia za marekebisho ya mafuta, za papo kwa papo na za muda mrefu. Sensa ya oksijeni huiambia kontrol boksi kama mchanganyiko una hewa nyingi au mafuta mengi, nayo kontrol boksi huongeza au hupunguza. Zikicheza karibu na sifuri, mambo ni shwari. Zikivuka 10 upande wowote, kuna jambo. Fundi wa kweli hazisomi mara moja. Anazisoma gari likiwa silensa, yaani likinguruma bila kukanyagwa pedeli, anazisoma tena kwenye mizunguko 2,500, na mara ya tatu gari likipanda na mzigo. Tuseme gari lina sensa inayopima hewa inayoingia, na silensa linaonyesha +20, lakini ukipiga resi linarudi karibu na sifuri. Basi kuna hewa inayopenya baada ya sensa hiyo: hozi kubwa ya mpira iliyochanika kwa mitikisiko ya barabara ya vumbi, klipu iliyolegea, gasketi ya manifoldi. Ikiwa silensa ni nzuri lakini asilimia inapanda kadiri mzigo unavyozidi, mtuhumiwa ni pampu ya mafuta iliyochoka, filta iliyoziba, au sensa ya hewa iliyopakwa vumbi. Hapo ataomba geji ya presha ya mafuta kabla hajataja spea yoyote. Gari lilelile, kodi ileile ya P0171 inayosema mchanganyiko una mafuta haba, na tiba mbili zisizokutana popote. Anayejua kutenganisha hizi mbili anastahili malipo ya saa yake hata asipobadilisha kitu, na inanisikitisha kwamba wengi wetu tuko tayari kulipia spea lakini si kipimo.

Kusafisha thrott bodi ni kazi halali, hasa kwetu ambako vumbi na pumba hupita kwenye ea klina iliyokaa vibaya. Tazama mkono. Fundi mzuri huzima swichi, hutumia dawa yake na kitambaa laini, hupangusa ukingo wa kipepeo ambako utando mweusi hujijenga, kisha huifundisha upya kontrol boksi silensa mpaka injini itulie kwenye mizunguko 600 hadi 800. Anayemwaga petroli, kupiga msasa, au kusukuma kipepeo kwa kidole swichi ikiwa imewashwa, anaweza kuharibu gia ndogo za ndani. Nayo sensa ya hewa ina waya mwembamba sana. Haiguswi kwa brashi.

Si kila kusita ni kwa hewa na mafuta. Mzunguko ukipanda bila mwendo kuongezeka, angalia giaboksi, hasa ya CVT. Likimisi ukikanyaga ghafla, plagi na koili. Likiishiwa pumzi kwenye mwendo mkubwa tu, huenda masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi yameziba, lakini presha ya ekzosi ipimwe kwanza. Kuyatoboa kwa kubahatisha ni uharibifu, na moshi wake tunauvuta sisi.

Kazi ikiisha, fundi wa kiwango hicho hakukabidhi ufunguo akiwa amesimama kibandani. Anapanda gari pamoja nawe, mashine ikiwa imechomekwa, hadi kwenye mlima uleule uliolalamikia, na mzigo ukipatikana mnaubeba. Anakuonyesha asilimia zilivyokuwa asubuhi na zilivyo sasa. Spea ya zamani anakurudishia, imefungwa kwenye gazeti, na kwenye karatasi ameandika alichopima, alichokuta, na alichoacha bila kugusa kwa kuwa kilikuwa kizima.