Rudufu, Fidia na Akiba

Mwongozo wa kuunda seva ya nyumbani ya kuwekea filamu, muziki na picha, uliotufikia karibuni, umeandikwa kwa Kiswahili chepesi, nasi twaupongeza kwa hilo. Hata hivyo, umetumia istilahi moja, nakala rudufu, kwa dhana mbili, na msomaji atakayeuamini aweza kupoteza picha zote za arusi ya mwanawe.

Dhana ya kwanza ni ya mpango wa RAID, ulioelezwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: diski kadhaa hufanya kazi kama moja, na moja ikiharibika zilizobaki huliziba pengo lake. (Kwa Kiingereza chenyewe istilahi hiyo haikutulia, herufi I iliwakilisha diski zisizo ghali, kisha ikageuzwa kuwa zinazojitegemea.) Mathalani, mwenye diski 4 za terabaiti 4 kila moja, akichagua ngazi ya 5, hupata nafasi ya terabaiti 12 na huhimili kuharibika kwa diski moja, akichagua ngazi ya 6 hupata terabaiti 8 na huhimili mbili. Nakala iko wapi hapo? Haipo. Kilichoongezwa ni hesabu ambayo kwayo data iliyopotea hukokotolewa upya. Neno rudufu, tulilolizoea kwa mashine za kurudufia karatasi ofisini, laahidi karatasi ya pili iliyo sawa na ya kwanza.

Hata pale diski mbili zinapoandikwa sawasawa, mtoto akifuta filamu huwa ameifuta kotekote papo hapo, na mwizi akiibeba seva amebeba zote. Mkulima atundikaye mahindi ya mbegu juu ya meko hayahesabu pamoja na yaliyo ghalani. Hiyo ndiyo dhana ya pili, na jina lake tunalo tangu zamani: akiba. Ile ya kwanza twapendekeza iitwe fidia. Tutaambiwa kuwa neno hilo lanuka mahakama na bima. Na linuke, bima nayo hulipa hasara, haiuzuii moto.

Mahali pamoja mwandishi ametuzidi sisi sote. Diski ambazo njia zake za kuandikia hulaliana ameziita diski za kuezeka. Aliyewahi kuezeka makuti aelewa mara moja: huwezi kubadili kuti la chini bila kuyasumbua yaliyolilalia. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski zilizouzwa kwa ajili ya seva za nyumbani zilikuwa za namna hiyo, na wanunuzi hawakuelezwa. Diski ya kuezeka ikitiwa mahali pa iliyoharibika, kuijaza upya kwaweza kuchukua siku nyingi, na katika siku hizo mwenye ngazi ya 5 hana fidia yoyote. Ukurasa huo usiguswe katika chapa ya pili. Ule wa nakala rudufu uandikwe upya.