Liyongo na Watazamaji Wake: Utendi wa Kijumwa Usomwapo Kutoka Bonde la Mto Tana

Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, umesomwa kwa muda mrefu kama habari za nguvu za mwili. Liyongo hutajwa kuwa mtu wa kimo kikubwa, mpiga mishale asiyekosea, asiyedhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba. Wahakiki wengi wameshughulikia zaidi swali la kuwa mtu huyo aliishi kweli au la, na kama aliishi, ni katika karne ipi. Tarehe zilizopendekezwa zinapishana kwa karne kadhaa, na makala haya hayakusudii kuongeza nyingine. Linaloulizwa hapa ni jambo jingine: utendi huu, ukichukuliwa kuwa habari za maisha ya mtu aliyepata sifa, unaonyesha kwamba sifa hiyo ilipatikanaje, na ilipatikana machoni pa nani?

Hoja inayotetewa ni kwamba ukubwa wa Liyongo haujengwi na matendo yake peke yake. Unajengwa na watu wanaomtazama, na sehemu kubwa ya watu hao ni wenyeji wa bara: wafugaji na wawindaji wa nchi inayozunguka sehemu za chini za mto Tana, ambayo leo makao yake makubwa ni Garsen. Uhakiki unaomfanya Liyongo kuwa shujaa wa Pate tu unawasahau watu hao, na kwa kuwasahau unashindwa kueleza namna shujaa mwenyewe alivyofanywa.

Sifa kabla ya mtu

Yafaa kuanza na mpangilio wa habari. Kabla Liyongo hajatenda lolote la ajabu, sifa zake zinasimuliwa. Waorma, ambao utendi unawaita Wagala, jina ambalo wao wenyewe hawalipendi, wanafika Pate kwa biashara. Mfalme anawasimulia habari za Liyongo, nao wanataka kumwona. Ndipo anapoitwa kutoka Shaka, na njia ya siku nne anaimaliza kwa siku moja. Analia panda hadi inapasuka. Kisha anafungua mkoba wake na kutoa vyombo vya nyumba nzima: kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu, na mafiga yake matatu.

Tukio hili limezoeleka mno hata ajabu yake ya kifani haitazamwi tena. Liyongo hapigani na mtu. Hakuna jeshi wala mji unaotekwa. Kinachosimuliwa ni maonyesho, na maonyesho hayana maana pasipo watazamaji. Mtunzi anaipima nguvu ya shujaa kwa mshangao na hofu ya wageni. Wapatewenyeji walikwisha kumzoea, na mtu aliyezoeleka hashangazi. Hivyo wageni wa bara wanapewa kazi ambayo hakuna mhusika mwingine angeweza kuifanya: wao ndio mizani.

Zaidi ya hayo, wageni hao hawaishii kushangaa. Wanaomba wapewe Liyongo awaoe kwao, ili wapate mbegu yake. Hapa mtunzi, pengine bila kukusudia, ameweka pamoja hukumu mbili zinazopingana. Waorma wanamwona mtu mkubwa na wanataka udugu naye. Mfalme anamwona mtu yuyo huyo na kuogopa kwamba atamnyang'anya enzi. Macho ya bara yanaona heri, macho ya ikulu yanaona hatari. Tangu hapo utendi mzima unaendeshwa na macho ya pili.

Wanyonge wanaomtegemeza shujaa

Mfalme anapowatuma Wasanye na Wadahalo wamuue kwa ujira, hila yao ni ya makoma. Kila mmoja atapanda mkoma kwa zamu kuangua matunda, na zamu ya Liyongo ikifika atapigwa mishale akiwa juu. Liyongo anaikwepa hila kwa kuyaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Mkoma ni mti uliojaa kandokando ya mto Tana hadi leo, na upinde ni chombo cha Wasanye wenyewe. Liyongo basi anaokoka kwa kuwashinda wawindaji katika fani yao, chini ya mti wao. Ushujaa wake hapa ni wa mtu aliyejifunza ya bara.

Gerezani jambo ni hilo hilo. Mtu aliyebeba mafiga mkobani sasa anasubiri chakula kutoka kwa mama yake, nacho kinaletwa na mjakazi Saada. Askari wanakula kilicho kizuri na kumwachia makombo. Tupa ya kukatia pingu inafichwa ndani ya mkate wa wishwa, kwa sababu askari hawatautamani mkate wa namna hiyo. Usiku wa ngoma ya gungu, kelele za ngoma zinafunika sauti ya tupa. Mambo yanayomwokoa ni ujanja wa mama, uaminifu wa mtumwa, na chakula cha maskini kinachodharauliwa. Nguvu zake za mwili zinafanya kazi baada ya hayo kutangulia.

Kifo chake kinathibitisha hoja hii kwa namna isiyo na mfano katika tenzi zetu. Baada ya kuchomwa na mwanawe, Liyongo anapiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa upindeni, na kufa katika hali hiyo. Watu hawathubutu kuteka maji kwa siku kadhaa, wakidhani yu hai amekasirika. Nguvu imekwisha kutoka mwilini, lakini ukubwa umebaki pale pale, kwa kuwa wanaotazama hawajaacha kuogopa. Hapana mahali pengine ambapo utendi unakiri waziwazi kiasi hiki kwamba ukubwa hukaa katika jicho la mtazamaji.

Lakini mwana aliyemwua ni wa mama wa Kiorma, na hapa msomaji aweza kuteleza. Ni rahisi kudhani kwamba usaliti umetoka katika damu ya bara. Utendi hauruhusu usomaji huo. Hila ni ya mfalme, ahadi ni za mfalme, na sindano inatoka Pate. Udugu ulioombwa kwa nia njema ndio uliogeuzwa kuwa silaha na ikulu.

Sifa ya pili

Baada ya hayo kuna kupanda kwingine kwa Liyongo, kule kwa maandishini. Edward Steere alichapa hadithi yake pamoja na mashairi katika Swahili Tales mwaka 1870. Kijumwa, aliyekuwa mwandishi wa khati, mchonga mbao na mwanamuziki, alitunga utendi wake mwaka 1913. Alice Werner aliandika juu ya masimulizi hayo mwaka 1926, na Lyndon Harries aliuingiza Liyongo katika kitabu chake cha ushairi wa Kiswahili mwaka 1962. Mwaka 1986 Joseph Mbele alilichunguza swali la utambulisho wa shujaa huyu. Kwa njia hiyo Liyongo alipata watazamaji wapya, nao ni wasomi. Lakini njia hiyo ilipitia Lamu, London na vyuo vikuu. Haikupitia Garsen.

Hasara yake ni kubwa. Shaka ilikuwa karibu na Kipini, mahali mto unapoingia baharini, na kaburi la Liyongo huonyeshwa pande hizo hizo. Jina lake limo pia katika masimulizi ya Wapokomo, wakulima wa kingo za mto. Hata hivyo katika utendi wa Kijumwa Wapokomo hawana mhusika anayesema. Waorma wanasema ili washangae, Wasanye wanasema ili wahonge au wahongwe, na wakulima wamenyamaza. Kunyamaza huko si ushahidi kwamba hawakuwa na la kusema. Ni ushahidi wa mahali alipokaa mtunzi.

Jambo hili si la fani tu. Kuanzia Agosti 2012 hadi Januari 2013, mapigano kati ya Waorma na Wapokomo katika delta ya Tana yaliua watu zaidi ya 100. Chanzo chake kilikuwa ardhi, malisho, maji na siasa, wala si ushairi, na itakuwa upuuzi kudai kwamba utendi ungaliyazuia. Lakini watoto wa pande zote mbili husoma fasihi ya Kiswahili shuleni. Wakifundishwa kwamba shujaa mkubwa wa nchi yao alikuwa mali ya kisiwa, na kwamba babu zao walikuwa washangaaji na watu wa kukodiwa, watakuwa wamefundishwa kisichomo katika utendi. Kilichomo ni kwamba watu wa bara ndio waliouona ukubwa wa Liyongo wakataka kuufanya udugu, ilhali jamaa zake waliuona wakataka kuuzima.

Hitimisho

Maisha ya mtu mashuhuri yanaposimuliwa, ni desturi kuuliza alitenda nini. Utendi wa Fumo Liyongo unamlazimisha mhakiki kuuliza pia nani alimtazama, nani alimlisha, na nani alinufaika kwa kumwogopa. Kazi iliyobaki kwa idara za lugha ni ya nyanjani: kukusanya masimulizi ya Liyongo katika Kipokomo, Kiorma na lugha za wawindaji, kuanzia Garsen hadi Ozi na Kipini, na kuyaweka kando ya maandishi ya Kijumwa bila kuyafanya watumishi wake. Wazee wanaoyajua wanapungua. Wakiisha, Liyongo atabaki na msimulizi mmoja tu, na shujaa aliyefanywa na macho ya wengi atakuwa ameachiwa jicho moja.