Anga Jeusi la Hernandez

Wengi wanaoipenda picha ya mpiga picha Ansel Adams iitwayo "Moonrise, Hernandez, New Mexico" huamini kwamba jioni ile ya mwaka 1941 alikuta anga jeusi tititi juu ya kijiji cha Hernandez. Sivyo. Jua lilikuwa bado linagusa misalaba ya makaburini, na angani mlikuwa na mwanga pamoja na michirizi ya mawingu. Weusi ule ulizaliwa katika chumba cha giza cha kusafishia picha, ukaendelea kukolezwa kwa miaka mingi.

Adams alisimamisha gari kando ya barabara, akaitega kamera yake kubwa ya filamu ya inchi 8 kwa 10, lakini kipimamwanga hakukiona. Aliukumbuka mng'ao wa mwezi kwa tarakimu, akapiga hesabu kichwani: sekunde moja, tundu la lenzi f/32, na kichujio cha rangi mbele yake. Alipokuwa anageuza kibebeo cha filamu apige picha ya pili, jua likawa limeshaondoka. Akabaki na negativu moja tu.

Negativu hiyo ilikuwa ngumu. Vichaka na makaburi vilipata mwanga haba, anga likapata mwingi. Kwa hiyo aliisafisha kwa zamu: nusu dakika kwenye dawa, dakika mbili kwenye maji yaliyotulia, kisha tena, mara 10. Ikiwa majini, dawa iliyonaswa kwenye sehemu zenye mwanga mwingi huchoka upesi, ilhali iliyo kwenye vivuli huendelea kufanya kazi. Hata hivyo sehemu ya chini ilibaki nyepesi mno. Mwaka 1948 aliirudia, akaichovya sehemu hiyo katika dawa ya kuikoleza. Ulikuwa ujasiri mkubwa, maana kama ingeharibika, asingekuwa na nyingine.

Sehemu nyingine ya kazi ilikuwa kwenye karatasi. Kwenye karatasi ya picha, panapopigwa na mwanga mwingi ndipo panapokuwa peusi. Fundi akikinga mahali kwa kiganja au kipande cha kadibodi, pataonekana peupe zaidi. Akipaongezea mwanga, pataiva. Adams aliliongezea anga mwanga hatua kwa hatua, akiisogeza kadibodi bila kusita ili ukingo wake usiache mstari. Katika nakala za mwanzo mawingu membamba yanaonekana juu ya mwezi. Katika zile za miaka ya 1970 yamemezwa, na mwezi umebaki peke yake kwenye weusi. Alitoa nakala zaidi ya 1,000 kutoka negativu ile ile. Alikuwa amesomea piano ujanani, na alipenda kusema kwamba negativu ni muziki ulioandikwa, nakala ndiyo kuupiga.

Vifaa viwili vya Photoshop, programu ya kompyuta ya kurekebisha picha, kile chenye alama ya kijiti chenye duara na kile cha mkono uliokunjwa, vimetoka moja kwa moja kwenye kadibodi na viganja hivyo. Anayesema urekebishaji wa picha umeletwa na kompyuta hajawahi kuingia chumba cha giza.

Lakini Adams huyo huyo alifanya jambo jingine ambalo siwezi kulitetea. Katika "Winter Sunrise" ya mwaka 1944, wanafunzi wa Lone Pine, California, walikuwa wameandika herufi kubwa L na P kwa mawe meupe kwenye kilima. Alizifuta. Kwake yeye zilikuwa kovu juu ya mlima. Kwangu mimi, anga la Hernandez ni mwanga uliokuwepo, ukachaguliwa uzito wake. Herufi zile zilikuwa alama ya watu waliokuwa wakiishi chini ya mlima ule, nazo zikaondolewa kana kwamba hawakuwepo.

Tofauti hiyo naitumia kila ninapokaa kurekebisha picha ya sura ya mtu. Chunusi naiondoa, kwa kuwa wiki ijayo haitakuwepo. Rangi ya ngozi siigusi, hata mteja akiniomba nimng'arishe, na hilo huombwa mno katika picha za harusi. Uso ukiwa gizani naumulika taratibu, shavu kwanza, kisha paji, na naishia pale ambapo taa ya pili ingefika kama ningekuwa nayo studio.