Heshima Bila Uzamivu: Uhakiki wa Udaktari wa Heshima wa Teolojia kwa Watumishi wa Kanisa, Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala hii inahakiki desturi ya kuwatunuku wachungaji na watumishi wa kanisa udaktari wa heshima wa teolojia, ikiitazama kutoka wilaya ya Kasese na mji wa mpakani wa Bwera, magharibi mwa Uganda. Inadai kuwa kasoro ya desturi hiyo haimo katika kuheshimu, bali katika kuigeuza heshima kuwa cheo cha kitaaluma. Hoja inajengwa juu ya lugha, mwelekeo wa malipo na athari za sera.

1.0 Utangulizi

Shahada ya heshima ni desturi kongwe. Askofu Mkuu wa Canterbury hutunuku shahada kwa mamlaka yanayotokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1533, na vyuo vikuu vya Afrika Mashariki navyo huwatunuku viongozi, wasanii na viongozi wa dini. Katika mapokeo hayo, anayetunuku huwa na mamlaka ya kufundisha na kutahini, na anayetunukiwa hupokea shukrani ya jamii. Julius Nyerere alitunukiwa shahada nyingi za namna hiyo, lakini umma uliendelea kumwita Mwalimu. Kwa upande mwingine, Idi Amin aliliweka neno “Daktari” katika msururu wa vyeo alivyojilimbikizia. Mifano hii miwili inaonyesha kuwa jambo la kuhakikiwa ni matumizi ya tunu baada ya joho kuvuliwa.

2.0 Haki ya kuheshimiwa

Uhakiki wa haki hauna budi kuanza na madai ya watumishi wenyewe. Kasese ni nchi ya milima ambako makatekista na wainjilisti wamebeba ibada, mazishi na usuluhishi wa vijiji kwa miaka mingi, mara nyingi bila mshahara. Vuguvugu la Rwenzururu lililoanza mwaka 1962, shambulio la waasi wa ADF huko Mpondwe mwezi Novemba 1996, na mapigano ya Novemba 2016 mjini Kasese ni miongoni mwa matukio yaliyovuruga maisha na masomo ya vizazi kadhaa. Mtumishi aliyekosa darasa kwa sababu ya vita hawezi kubezwa kwa kukosa cheti.

Historia ya ukanda huu inaongeza uzito wa hoja hiyo. Apolo Kivebulaya, aliyetoka Toro akavuka mto Semliki mwaka 1896 kwenda kuhubiri Boga, Kongo, hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Kanisa lilimpa ukasisi, kisha ukanoni. Vyeo hivyo vilitosha kwa kuwa vilitaja kazi aliyoifanya, vikatolewa na chombo kilichoifahamu kazi hiyo. Kwa hiyo, swali si kama watumishi wanastahili heshima, bali ni kwa nini heshima ya kanisa ionekane pungufu mpaka iazime jina la chuo kikuu.

3.0 Neno na uzito wake

Kiswahili, ambacho ni lugha ya soko na mawasiliano ya mpakani Mpondwe, kinatoa kipimo kizuri. Shahada ya juu huitwa ya uzamivu, neno linalotaja tendo: msomi amezama katika jambo akaibuka na maarifa mapya. “Udaktari”, kinyume chake, unamtaja mtu na hadhi yake. “Udaktari wa heshima” unapita sikioni bila kukwaza; “uzamivu wa heshima” unajipinga wenyewe, kwa maana hakuna anayezamia kwa heshima. Aghalabu chaguo la neno la kwanza huuficha mgongano ambao neno la pili lingeufichua.

Aidha, kwa mwananchi wa kawaida daktari ni mtu wa hospitali. Mwezi Juni 2019, Ebola iliyovuka kutoka Kongo ilithibitishwa wilayani Kasese. Mgonjwa wa kwanza, mtoto mdogo, alipokelewa katika Hospitali ya Kagando kabla ya kuhamishiwa kituo cha matibabu cha Bwera. Katika eneo lenye hatari ya namna hiyo, mhubiri aitwaye daktari akimshauri mgonjwa juu ya dawa, maneno yake hubeba uzito ambao cheo cha mwinjilisti kisingeyapa. Utata wa neno unakuwa suala la afya ya jamii.

4.0 Nani anamlipa nani?

Kigezo cha pili ni mwelekeo wa malipo. Heshima ya kweli humgharimu mtoaji. Mpokeaji anapodaiwa ada ya usajili, joho na mahafali, tunu hugeuka bidhaa, na sadaka za waumini wakulima na wachuuzi ndizo zinazoweza kuishia kuinunua. Nchini Uganda, Sheria ya Vyuo Vikuu na Taasisi Nyingine za Elimu ya Juu ya mwaka 2001 iliunda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu na kuweka masharti ya leseni na hati ya chuo kikuu. Lakini katika baadhi ya majimbo ya Marekani, Florida ikiwa mojawapo, vyuo vya kidini huruhusiwa kutoa shahada za kidini bila leseni ya kawaida ya elimu. Karatasi iliyo halali huko haipati ithibati Uganda kwa kuvuka bahari tu.

5.0 Sera inayozaa soko

Watunga sera nao wana sehemu yao. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 iliwataka viongozi wa mashirika ya kidini wawe na shahada ya masomo ya dini, na nchini Uganda mapendekezo ya sera ya mashirika ya kidini yaliibua mjadala kama huo. Nia ya kuwalinda waumini inaeleweka. Hata hivyo, sharti la cheti lisipoambatana na njia nafuu ya kusoma huwasukuma watu kwa muuzaji wa cheti. Mchungaji wa Bwera mwenye familia na shamba hawezi kwa wepesi kuhamia Mukono kusoma teolojia kwa miaka mitatu.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Kukejeli hakutaiondoa desturi hii, kwa kuwa inajibu njaa halisi ya kutambuliwa. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, Baraza litangaze kwa Kiswahili na Lukonzo orodha ya taasisi zenye mamlaka ya kutunuku, na makanisa yaisome hadharani. Pili, kama Azimio la Keffi la wakuu wa vyuo vikuu vya Nigeria la mwaka 2012 lilivyoelekeza, aliyetunukiwa shahada ya heshima asitangulize “Dkt.” mbele ya jina lake. Tatu, vyuo vya teolojia vipeleke masomo ya muda na mitihani ya kujiunga kwa watu wazima karibu na Kasese, ili aliyefundisha ukweni, mazishini na kambini kwa miaka thelathini apimwe kwa maarifa aliyonayo. Mtumishi wa namna hiyo huenda akaupata uzamivu wenyewe, wala hatahitaji kuuazima.