Picha Bila Maandiko Yake Ni Bubu

Mwalimu wa historia ya sanaa hawezi kufundisha bila picha. Zamani alitumia filamu za projekta, ambazo rangi yake hufifia. Siku hizi picha zinakaa ndani ya ordinateri. Maswali ni mawili: nani ana ruhusa ya kuzitumia, na namna gani zitadumu? Tuyapime katika kazi moja yenye kujulikana.

Tarehe 7 ya mwezi wa pili 2017, nyumba ya makumbusho Metropolitan ya New York iliwafungulia watu wote picha zaidi ya 375,000. Iliachilia haki zake juu ya picha hizo: kila mtu azichukue, azichape, hata aziuze, bila kulipa wala kuomba ruhusa.

Twasifu tendo hili. Wengine watasema: «Vitu vya kale havina tena haki ya mtunzi, basi wametoa nini?» Wamesema nusu ya kweli. Mwaka 1999, katika kesi ya Bridgeman na Corel, mwamuzi wa New York alikata kwamba foto inayofuata kwa uaminifu mchoro wa kale haizai haki mpya. Lakini kesi ile ilihusu michoro, vitu vya bapa. Mpiga foto wa sanamu huchagua mwanga, upande na kivuli. Kwa hiyo foto yake yaweza kuwa na haki yake, hata sanamu ikiwa ya kale sana. Na kazi za wazee wetu zinazotunzwa kule, nyingi ni za kuchonga au za kuyeyusha. Basi zawadi ile inatufaa sisi kupita wenye kusoma michoro ya Ulaya.

Tutwae mfano mmoja: msalaba wa Kongo, wa shaba ya manjano, wa karne ya 16 au ya 17, namba 1999.295.7. Kristu ana uso wa mwafrika, na pamoja naye kuna watu wadogo wanaokutanisha mikono kwa sala. Jina la mhunzi halikuandikwa.

Hapa ndipo lawama yetu. Masharti ya zawadi ile hayamlazimishi mtu kutaja asili ya picha. Aweza kuitia katika kalenda na kuandika chini tu: «Sanaa ya Afrika.» Mhunzi amekwisha kunyang'anywa jina, je, anyang'anywe tena nchi yake na karne yake? Sheria imenyamaza, lakini haki inadai kila mtu apewe kilicho chake.

Hata hifadhi inadai vilevile. Artstor, ghala ya picha iliyofunguliwa mwaka 2004, ilifunga makao yake ya kwanza kwenye intaneti tarehe 1 ya mwezi wa nane 2024, picha zikahamia JSTOR. Anwani ya intaneti ni kama hema: leo imesimama hapa, kesho imehama. Namba ya kitu haihami ovyo hivyo.

Basi, wandugu waseminari, mapadri na wakatekista, mkitwaa foto kwa masomo, andikeni mambo matano: ni kitu gani, watu gani waliokifanya, karne, nyumba inayokitunza, na namba yake. Yaandikeni ndani ya fayili yenyewe, si kwenye karatasi ya pembeni, na nakala mbili zikae pahali pawili. Ruhusa tumepewa bure. Maandiko ni deni letu.