Karatasi za Waliomdai Babu

Karibu kila karatasi inayomtaja mtu wa Mgori, katika nchi ya Wanyaturu mkoani Singida, aliyeishi miaka mia moja iliyopita iliandikwa na mtu aliyekuwa akimdai kitu. Mdachi, yaani Mjerumani, alidai kodi ya kibanda, iliyoanza kutozwa katika koloni lake mwaka 1898. Mwingereza akaja na kodi ya kichwa. Mwenye shamba la mkonge alidai siku 30 za kazi, na kila siku ikatiwa alama kwenye kipande. Padre alitaka roho. Hakuna hata mmoja aliyeandika akimfikiria mjukuu. Ndiyo maana naiheshimu mno kazi ya kumtafuta mhenga: fundi wake huichukua karatasi ya mdai akaifanya imseme mdaiwa.

Kazi yenyewe huanzia kwa mzee, na ukifika kwake usimwulize mwaka. Mzee wa Kinyaturu ukimwuliza babu yake alizaliwa lini, atakutajia mwaka kwa heshima tu ya mgeni. Mwulize babu alikuwa anaweza kufanya nini jambo fulani lilipotokea. Nchi yetu ya kati ina alama za kutosha: sotoka iliyofyeka ng'ombe miaka ya 1890, vita vya 1914, homa kali ya 1918, nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930, njaa ya 1949, mvua za Uhuru za 1961. Aliyekuwa akichunga ndama nzige walipotua alikuwa na miaka sita au saba, kwa sababu mtoto wa umri huo hakabidhiwi ng'ombe wakubwa. Aliyekuwa ametoka jandoni ni mkubwa zaidi. Mwenye mke na nyumba yake alikwisha kuingia kwenye daftari la kodi, na hapo neno la mzee linaanza kupimwa kwa wino wa karani.

Masimulizi ya ukoo yana mipaka yake hata pale yasipotaja tarehe. Chukua ukoo unaosema babu alichukuliwa kubebea Wadachi mizigo vitani. Kondoa Irangi ilianguka mikononi mwa Waingereza Aprili 1916, Dodoma Julai, na Tabora ikatwaliwa na Wabelgiji Septemba mwaka huohuo. Basi babu huyo alitoka nyumbani kabla ya mwisho wa 1916. Kama wanasema aliacha mtoto mgongoni mwa mama, umepata pia umri wa mtoto. Napenda sana hesabu za namna hii. Hazimwongezei mhenga sifa ambayo hakuwa nayo, zinampa tu mahali pa kusimama.

Tabu kubwa iko kwa bibi. Kwenye kodi ya Mwingereza, mwanamume mwenye wake wengi alitozwa zaidi kwa ajili ya hao wengine, kwa hiyo mke wa pili anaonekana kama shilingi za ziada, hana jina. Wanaukoo nao humtaja kwa jina la mwanawe wa kwanza, wakaishia hapo. Wengi wanaotafuta huachia hapo, na mti wa ukoo unabaki una matawi ya wanaume watupu.

Mimi naona hapa ndipo ufundi unapotambulikana. Kwa Wanyaturu mahari ni mifugo, na mifugo ina njia zake. Harold Schneider, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi kati yao mwaka 1959 na 1960, aliandika kitabu kizima juu ya namna ng'ombe, ndoa na mashamba vilivyofungamana. Mzee aliyesahau jina la bibi anaweza kukueleza ng'ombe aliyetolewa kwa ajili yake: rangi yake, pembe ilivyopinda, ndama wake walikwenda boma gani. Mfuate ng'ombe huyo. Utafika nyumba aliyozaliwa bibi, na huko wajukuu wa kaka zake hawajamsahau, kwa sababu kwao yeye ni shangazi na jina lake lipo midomoni. Na pale ndoa ilipovunjika, shauri likapelekwa kwenye baraza la mtemi, karani aliandika jina la mwanamke, jina la baba yake na idadi ya mifugo inayodaiwa. Mashauri ya mahari yamehifadhi majina ya wanawake ambayo kodi iliyaacha.

Daftari la ubatizo linasaidia pia, kwa ukoo uliopitia misheni kama ile ya kale ya Makiungu. Petro ameandikwa Petrus, baba na mama wametajwa, msimamizi ametajwa. Usome hasa pembezoni mwa ukurasa. Kanisa Katoliki hudai ndoa iandikwe kando ya ubatizo, kwa hiyo mstari mwembamba ulioongezwa kwa wino mwingine unaweza kukuonyesha bibi aliolewa na nani, na parokia gani.

Nyaraka za Kijerumani ziko Upanga, Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, na mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Anayezifungua aende na sikio la Mdachi: Singida imeandikwa Ssingidda, Juma anakuwa Dschuma. Faili za nchi hii ya Singida atazikuta pia chini ya jina la boma la Kilimatinde. Wengi hukata tamaa kwa sababu tu walilitafuta jina la babu kwa tahajia ya leo.

Kuna pia hatari ya kukipata upesi mno unachokitamani. Alex Haley, mwandishi Mmarekani wa Roots, alipofika Juffure, Gambia, mwaka 1967 kumtafuta mhenga wake, habari za alichokuwa akikitafuta zilikuwa zimemtangulia. Wanahistoria waliofuata nyayo zake, Donald Wright akiwamo, waliyatilia shaka sana masimulizi aliyopewa. Ukimtajia mzee jibu, atakurudishia, maana hataki urudi mikono mitupu.

Njia nzuri kuliko maswali ni kwenda naye kwenye mahame. Operesheni Vijiji ya 1974 iliwatoa watu kwenye maboma yao, na makaburi yakabaki nyuma. Ua wa minyaa umeachwa ukawa miti mirefu, tembe limeporomoka likawa tuta la udongo, lakini jiwe la kusagia bado lipo, limebonyea katikati. Mzee aliyekuwa hana la kusema barazani ataanza kuonyesha kwa fimbo: hapa zizi, hapa mlango wa mke mkubwa, hapa alilazwa. Ukiwa hapo andika upesi, na mwache aseme.

Ukirudi, mbele ya kila jina andika nani alilisema, wapi na lini. Katika kijiji cha Pohama watakwambia babu alikufa kabla ya njaa ya 1949. Kijiji cha Ngimu watashikilia kuwa aliipitia njaa hiyo pamoja nao na wanamkumbuka akigawa mtama. Andika yote mawili, kila neno na mwenyewe, kisha nenda Unyampanda, alikoolewa binti yake mdogo.